Tao
Tao ni umbo la upinde linalobeba uzito juu ya mlango, dirisha au nafasi iliyo kati ya nguzo. Wingi wake ni matao. Bila neno hili hatuwezi kulieleza vyema Kanisa Kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1093 chini ya Askofu William wa Saint-Calais.

Mtindo wake, Kiromaneski, hutambulika kwa kuta nene na tao la nusu duara. Tao hilo lina sharti: kimo chake ni nusu ya upana wake. Kwa hiyo nafasi zenye mapana tofauti ni vigumu kuzifunika kwa mawe kwa kimo kimoja. Waashi wa Durham waliinua dari ya mawe juu ya mbavu zinazopishana, wakatumia pia matao yaliyochongoka, ambayo kimo chake hakifungwi na upana. Dari hiyo ilikamilika mwaka 1133.

Basi tusiandike “tao la mviringo”, maana mviringo ni duara zima. Tuandike “tao la nusu duara” na “tao lililochongoka”. Msomaji ataiona hatua kubwa waliyopiga waashi wale.