Siki ya Wauguzi na Umri wa Bibi

Siki tuliyokuwa tukipaka kwenye mlango wa kizazi kutafuta dalili za mapema za saratani ni ileile jamii ya siki ya kachumbari: maji na asidi ya asetiki, asilimia 3 hadi 5. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla sijastaafu uuguzi, na akina mama hawakuacha kucheka nikifungua chupa. "Nesi, hiyo si ya chipsi?" Ni ya chipsi, naam. Ila imefika kliniki kwa njia ndefu, na si yote ya kuchekesha.

Mwaka 1925, nchini Ujerumani, daktari Hans Hinselmann alitengeneza kolposkopu, darubini yenye taa inayouangalia mlango wa kizazi kutokea nje. Ni yeye aliyeanza kupaka asidi ya asetiki na kuona seli zilizoanza kuharibika zikigeuka nyeupe. Lakini mwaka 1946 mtu huyohuyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuhusika kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa Kiroma wakati wa utawala wa Hitler. Darsani hatukuambiwa hilo. Nadhani wanafunzi wa leo waambiwe.

Tuliyefundishwa kumheshimu ni Mgiriki George Papanicolaou wa New York, aliyetangaza mwaka 1928 kwamba seli za saratani zinaonekana kwenye ute wa mwanamke ukipakwa kwenye kioo. Aurel Babeș alikuwa ameonyesha jambo kama hilo kule Bucharest mwaka mmoja kabla, lakini jina lililobaki ni la Mgiriki: pap. Mimi humkumbuka zaidi mkewe, Andromache, aliyekubali kuchukuliwa ute miaka na miaka ili mumewe ajue seli za mwanamke mzima wa afya zinafananaje.

Pap iliokoa wengi palipokuwa na mfumo wa kuibeba. Ufini ilianza miaka ya 1960 kuwaita wanawake wote wa umri uliopangwa, na vifo vikashuka sana. Huku kwetu kioo kilisafiri hadi hospitali kubwa, kikasubiri mtaalamu wa kukisoma. Majibu yakirudi, mama ameshapanda basi kurudi kijijini, na simu hana.

Ndiyo maana habari ya Zimbabwe ilitugusa. Kati ya 1995 na 1997, katika zahanati za kawaida, wauguzi wakunga waliwapima kwa siki zaidi ya wanawake 10,000, wakiangalia kwa macho yao tu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Siki iliyagundua mabadiliko mengi ambayo pap iliyapita. Iliwashtua pia wengi wasio na kitu, tusifiche. Lakini unapaka, unasubiri dakika moja, unaona, na jibu analipata mama akiwa bado kitandani. Penye utando mweupe unaofaa kutibiwa, unaugandisha kwa baridi kali siku hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza kazi hii haikumsubiri daktari.

Sasa nije kwenye umri, maana hapo ndipo watu wanapotuelewa vibaya. Msichana wa miaka 20 akija, mara nyingi tulimwambia asubiri. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake walipata aina ya 16 ya kirusi cha HPV ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, na baadaye ikajulikana kwamba vijana wengi wanakipata na mwili unakifukuza wenyewe. Ukimpima mapema mno utamtibu kitu ambacho kingeondoka. Kuanzia miaka 30, kirusi kilichobaki ndicho cha kuogopwa. Kwa mwenye VVU, kinga yake ikiwa imepungua, Shirika la Afya Duniani linasema aanze na miaka 25.

Upande wa pili ni wa bibi. Alikuja mmoja, mvi kichwa kizima, amemsindikiza bintiye. Nikamwambia, "Bibi, siki haikufai tena." Akashukuru Mungu: "Basi mimi nimepona." La hasha! Mabadiliko haya huanzia kwenye mpaka ambapo seli bapa za nje zinakutana na seli ndefu za ndani. Hedhi ikikoma, mpaka huo huingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, muuguzi asiuone. Siki ikipakwa pale inatoa jibu zuri la uongo. Kikomo cha miaka 50 cha kupima kwa siki kiliwekwa kwa sababu ya macho yetu. Kizazi cha bibi hakijatoka hatarini.

Kipimo cha HPV hakihitaji kuuona mpaka huo, na mwanamke anaweza kujichukulia ute mwenyewe nyuma ya pazia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unakipa nafasi ya kwanza, kila miaka 5 hadi 10, na unaruhusu kuacha baada ya miaka 50 ikiwa majibu mawili mfululizo yalikuwa safi. Tena unataja wenye miaka 50 hadi 65 ambao hawajapimwa hata mara moja: penye uwezo wa kuwahudumia, nao wapewe kipaumbele. Yule bibi alikuwa na miaka 58.