Figo Mpya na Dawa ya Kila Siku: Historia Tunayopaswa Kuijua

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo nitaanza na swali nililoulizwa kliniki na mama mmoja. Kijana wake alikuwa amepandikizwa figo miaka miwili kabla ya siku hiyo. Watu walichanga. Harambee ilifanywa kanisani, nyingine ikafanywa nyumbani, na ng'ombe wawili wakauzwa. Upasuaji ulienda vizuri, na kijana akarudi kazini. Siku hiyo mama alitoa pakiti ya vidonge kwenye mkoba, akaniambia kwa sauti ya chini: "Sista, huyu mtoto si amepona? Nikimpa leo nikaruka kesho, si hizi zitatufikisha mwisho wa mwezi?"

Nilimvutia kiti nikamweleza yale ninayotaka kuwaeleza ninyi leo.

Figo zetu ni mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi, na ziko upande wa mgongo chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu na maji ya ziada kupitia mkojo. Zikiharibika kabisa, mara nyingi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, uchafu hubaki mwilini na mtu hufa. Kwa karne nyingi hapakuwa na la kufanya.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1943, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu akitumia vitu alivyoweza kupata wakati wa vita, ikiwemo mipira myembamba ya kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki, lakini hakukata tamaa. Mwaka wa 1945 mwanamke wa miaka 67 aliunganishwa na mashine hiyo, akapona. Hivyo ndivyo dayalisisi ilivyoanza.

Mlango wa pili ulifunguliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Kijana Richard Herrick alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo. Ndugu yake pacha, Ronald, alikubali kumpa figo yake moja. Dkt. Joseph Murray na wenzake walifanya upasuaji huo, na figo ikaanza kutoa mkojo. Richard alimwoa muuguzi aliyemhudumia hospitalini, wakapata watoto wawili, akaishi hadi 1963. Ronald, aliyetoa figo, aliishi na figo moja hadi 2010, zaidi ya miaka 55 baada ya upasuaji.

Sasa sikilizeni vizuri. Figo ya Ronald ilikubalika kwa sababu wawili hao walikuwa pacha wa kufanana. Kabla ya upasuaji, madaktari walibandika kipande cha ngozi ya mmoja juu ya mwenzake ili wahakikishe. Mwili wa Richard haukuona tofauti. Lakini wengi wetu hatuna pacha. Figo ikitoka kwa mama, kaka au mtu mwingine, kinga ya mwili huiona kama adui aliyeingia nyumbani, na kinga hiyo hailali. Itaishambulia hadi iiue.

Ndiyo sababu historia ya upandikizaji ni historia ya dawa. Mwanamke mmoja, Gertrude Elion, ambaye mwanzoni alinyimwa kazi za maabara kwa sababu ni mwanamke, alisaidia kutengeneza dawa iitwayo azathioprine. Kwa dawa hiyo, mwaka wa 1962, Dkt. Murray alifanikiwa kupandikiza figo ya mtu asiye ndugu wa mgonjwa. Kisha ikaja cyclosporine, iliyotokana na kuvu wa udongoni, ikaidhinishwa Marekani mwaka wa 1983. Wagonjwa wengi zaidi wakaanza kuishi na figo zao. Lakini dawa hiyo ilikuwa ghali, na ilipaswa kumezwa kila siku.

Hapo ndipo swali la pesa likaingia. Marekani ni nchi tajiri, lakini nayo ilijikwaa. Mwaka wa 1971 mgonjwa aitwaye Shep Glazer aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu mbele ya kamati ya wabunge, ili wajionee wenyewe. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa, na kuanzia 1973 bima ya serikali, Medicare, ikaanza kuwalipia wagonjwa wa figo dayalisisi na upasuaji. Dawa za baada ya upasuaji zilisahaulika. Zilipoanza kulipiwa mwaka wa 1987, ilikuwa kwa mwaka mmoja tu. Baadaye muda ukaongezwa hadi miezi 36. Ukiisha, wengi wasiokuwa wazee wala walemavu walijitegemea.

Matokeo yake yalikuwa nini? Wapo walioanza kugawa vidonge na kuruka siku. Figo zikafa, wakarudi kwenye mashine, na bima ile ile iliyokataa kununua vidonge ikalipia dayalisisi tena. Iliwachukua wabunge hadi Desemba 2020 kupitisha sheria ya kurekebisha jambo hilo, nayo ikaanza kutumika Januari 2023.

Wapendwa wasikilizaji, nimewaeleza hayo kwa sababu kosa hilo tunaweza kulifanya hata nyumbani kwetu. Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Harambee ya upasuaji hujaa watu. Lakini ni nani huitisha harambee ya vidonge mwaka wa tatu, wakati mgonjwa anaonekana mzima na anacheka na watu?

Kwa hiyo, kabla ya upasuaji, familia ikae chini iulize: dawa za mwezi mmoja ni pesa ngapi? Vipimo vya damu je? Nauli ya kwenda kliniki? NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, ilitoa nafasi kwa SHA mwezi Oktoba 2024. Nendeni kwenye dawati la SHA hospitalini mkaulize upasuaji unalipiwaje, dawa zinalipiwaje, na vipimo vinalipiwaje. Ulizeni kila kimoja peke yake, mwandike majibu. Pesa za harambee zisiishe zote siku ya upasuaji. Wekeni akiba ya dawa kando, hata kupitia chama. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe unayemlea mgonjwa, kumbuka haya. Dawa imezwe saa zile zile kila siku. Usipunguze, usiruke, wala usibadilishe aina bila daktari. Usichanganye na miti shamba, na balungi liepukwe, kwa maana linaweza kupandisha dawa kupita kiasi mwilini. Mwanamke aliyepandikizwa figo azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Ukiona homa, mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, au maumivu mahali figo ilipowekwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na pesa zikiisha, usinyamaze. Yule mama alikuwa ameficha shida yake kwa wiki tatu kwa kuona aibu. Tulikwenda naye kwa daktari siku hiyo hiyo, damu ikapimwa, na daktari akaangalia upya dawa za kijana na bei zake. Jamaa waliochanga mwanzoni walipoelezwa kwamba safari haijaisha, walikubali kutoa kidogo kidogo kila mwezi. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Figo ile haikuwa imepona. Ilikuwa inalindwa na vidonge vile, kimoja kimoja, kila siku.

Hadi kipindi kijacho, mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema. Kwaherini.