Kibindo, Mkwiji na Safari ya Mchana Mmoja

Kabla fundi hajashona mfuko katika nguo, mtu wa pwani alikuwa na kibindo. Kibindo hakishonwi wala hakinunuliwi: ni upindo wa shuka au kikoi uliokunjwa kiunoni ukashika. Humo huingia tambuu, pesa mbili tatu, na kila kitu kidogo ambacho mwenyewe hapendi kiwe mbali naye. Hata leo, aliyepata mali twasema kaitia kibindoni, ijapokuwa huenda amevaa suruali yenye mifuko minne. Lugha imehifadhi jambo ambalo mavazi yamelisahau, nalo ni kwamba kiuno ndipo mahali pa amana.

Kibindo kilimtosha mkazi. Msafiri alihitaji zaidi. Kwa ajili yake palikuwapo mkwiji, mfuko wa kitambaa, mrefu na mwembamba, uliozungushwa kiunoni ukafungwa. Urefu ule haukuwa pambo. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyoenea katika biashara ya Unguja karne ya 19, ina uzito wa gramu 28. Basi reale 100 hukaribia kilo 3. Uzito huo ukiwa katika mfuko mmoja unaoning'inia, humgonga mtu paja kila hatua. Ukitandazwa kuuzunguka mwili, hugawanyika, na mwendo hauharibiki.

Hekima hii si ya pwani peke yake, na ni kongwe kuliko sarafu. Tarehe 19 Septemba 1991, watembezi wawili katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, waliona maiti ya mtu ikichomoza katika barafu, kwenye kimo cha mita 3,210. Uchunguzi ulionyesha kuwa mtu yule, aliyepewa jina la Ötzi, alifariki zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na shoka la shaba, upinde na mishale. Lakini katika kijaluba cha ngozi cha mkanda wake mlikuwamo vitu vidogo: vipande vya gumegume, msharasi wa mfupa, na uyoga mkavu wa kuwashia moto. Kukata, kutoboa, kuwasha moto: hayo ndiyo aliyoyafunga kiunoni.

Mahujaji nao wanalijua jambo hili. Mwanamume aliyehirimia huvaa shuka mbili zisizoshonwa, wala hana mfuko. Hata hivyo wengi wa mafakihi waliruhusu himyani, yaani mkanda wa masurufu, kwani aliye mbali na kwao akipoteza masurufu yake, amepoteza njia ya kurudi. Mikanda hiyo ingali ikivaliwa na mahujaji kati ya Makka, Mina na Arafa.

Mkoba wa kiunoni unaouzwa madukani leo ni mtoto wa ukoo huu. Umeongezewa zipu, aliyoikamilisha Gideon Sundback mwaka 1913, na nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935. Sheria zake ni zile zile za mkwiji. Anayeuchagua kwa matembezi ya mchana mmoja, iwe msitu wa Ngezi kule Pemba au vilima vya Usambara, na autazame mkanda kabla ya mfuko. Mkanda uwe mpana, ukae juu ya mifupa ya nyonga, na bizimu yake isilegee mtu apandapo. Mfuko ulale bapa mgongoni, chini, usichezecheze. Lita moja ya maji ni kilo nzima; ukiongeza chakula na vyombo vichache, umekaribia uzito wa zile reale 100, na zaidi ya hapo mkanda huanza kuteremka na kiuno kulalamika. Faida yake katika joto letu ni kubwa: mgongo wabaki wazi kupata upepo.

Ni kweli kwamba pasipo na chemchemi, au penye mvua na baridi, mkoba huo hautoshi, na shanta yapasa kuchukuliwa. Lakini hapo ndipo kiuno kinapozidi kuwa na maana. Shanta huwekwa chini mtu apumzikapo, huachwa kando ateremkapo mtoni, na mara nyingi ndivyo inavyopotea. Kibiriti, kisu, kurunzi, firimbi na dawa ya mgonjwa visikae humo. Aliyepotewa na njia jua likizama ana vile tu alivyojifunga.

Mshairi anaelewa. Mizani 16 za mshororo hazimruhusu kubeba kila neno alipendalo, naye huuliza lipi likiondoka shairi huanguka. Mtembezi na ajiulize vivyo hivyo mbele ya mkoba wake, asubuhi, kabla hajafunga bizimu.