Chapati: mkate uliorudi na wakimbizi



Ukipita asubuhi Kadutu ama Nyawera, utakuta mtu ameinama kwenye mbabula, anageuza chapati. Kumbe wazee wetu walikula bugali ya muhogo, ndizi na viazi. Chapati imetoka mbali.

Asili yake ni India. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30.000 kutoka kule kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wenye maduka wakaifuata reli. Watu wa Afrika ya Mashariki waliuchukua mkate huo: unga unakandwa, unapakwa mafuta, unaviringwa kama konokono, halafu unasukumwa tena. Ndiyo maana chapati yetu ina matabaka. Inafanana zaidi na ile Wahindi wanaita paratha.

Reli ingine, ya kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma 1914. Ni Kigoma hiyo hiyo ambako watu wengi wa Uvira na Fizi walivukia ziwa wakati wa vita ya 1996, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu na Lugufu. Chapati ilikuwa inajulikana huku kwetu mbele ya vita. Lakini wamama wengi wa shirika letu wanasema ni kambini waliigeuza kuwa kazi. Mgao ulikuwa hasa unga wa mahindi, maharage na mafuta. Ngano ilibidi kununua. Mtu aliuza kidogo cha mgao, akapata kilo ya kwanza, akaanza.

Tangu 2005, meli za HCR zilirudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengine walikuta shamba limekaliwa, nyumba imeanguka. Jembe linangoja mvua. Chapati inalipa siku ile ile.

Shida ni moja: ngano hatulimi, tunanunua. Mtoto akigonjwa, mtaji unaliwa, mbabula inazimika. Hapo ndipo likelemba na mfuko wetu vinasaidia: unga na mafuta ya kuanza tena, si zaidi.

Basi kwa wafadhili: musiione kazi hii kuwa ndogo. Na wanachama, tukimpokea aliyerudi, tusimuulize tu amepoteza nini. Tumuulize pia amerudi na ujuzi gani.