Nani Ataibeba? Historia ya Mashine Ndogo ya Boti ya Mpira

Kampuni ya Tohatsu ya Japani imewahi kuuza mashine mbili za boti zenye nguvu ileile ya farasi 9.8. Ya zamani ilikuwa ya mipigo miwili, ile inayotiwa petroli iliyochanganywa na oili, na uzito wake ulikuwa kilo 26. Iliyoirithi ni ya mipigo minne, nayo ina kilo 37. Kwenye karatasi ya dukani kilo 11 hazimshtui mtu. Zinashtua baharini. Yoti imetia nanga nje ya bandari, na boti ya mpira ya mita tatu imefungwa ubavuni, inapanda na kushuka na wimbi. Mmoja yuko juu, ameinamia ukingo na kuishika mashine kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kamba ya usalama. Mwenzake yuko chini, amesimama kwenye sakafu inayobonyea, ananyoosha mikono aipokee. Ikiponyoka, imezama.

Kwa hiyo anayenunua mashine ya boti ya aina hii huanza kwa kuuliza farasi ngapi, na mara nyingi humaliza kwa kuuliza kilo ngapi. Swali hilo la pili ndilo lililowasumbua wavumbuzi tangu mwanzo.

Gustave Trouvé, fundi wa umeme wa Paris, aliijaribu mashine yake kwenye Mto Seine mwezi wa Mei 1881, juu ya mashua ya mita tano hivi aliyoiita Le Téléphone. Mota, rafadha na usukani vilikuwa kitu kimoja kilichopachikwa tezi na kung'olewa kazi ikiisha, na betri zilikaa ndani ya mashua. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Kilicholikwamisha ni betri za zama zile: zilikuwa nzito, na nguvu zake ziliisha upesi. Umeme ukalazimika kusubiri zaidi ya miaka mia moja.

Petroli ilichukua nafasi. Mwaka 1905 Cameron Waterman, kijana aliyekuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, alifunga injini kwenye boti ya makasia huko Detroit. Mwanzoni rafadha ilizungushwa kwa mnyororo. Mnyororo ulipomsumbua, akaweka mhimili wa chuma na gia, na mpango huo wa mhimili unaoshuka wima na gia chini ya maji ndio uliobaki hadi leo. Kufikia 1907 alikuwa akiziuza kwa maelfu.

Hata hivyo jina lililotawala biashara hii ni la Ole Evinrude. Alizaliwa Norwei mwaka 1877, akapelekwa Wisconsin nchini Marekani angali mtoto mdogo, akakua fundi wa chuma. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali mwaka 1906, katika Ziwa Okauchee, mchumba wake Bess Cary alitamani aiskrimu. Ole akapiga makasia hadi ng'ambo kuifuata, na aliporudi ilikuwa imeyeyuka. Hadithi tamu, na huenda imeongezwa chumvi. Yenye uthibitisho ni mashine yenyewe: mwaka 1909 alianza kuuza huko Milwaukee mashine ya farasi moja na nusu, ya chuma na shaba, yenye uzito wa pauni 62, yaani kilo 28 hivi. Bei yake ilikuwa dola 62, dola moja kwa kila pauni.

Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, anastahili nafasi kubwa kuliko ile ya aiskrimu. Ndiye aliyeshika hesabu na barua za kampuni na kuandika matangazo yaliyowahimiza watu wayatupe makasia. Ndiye pia aliyetafuta soko la nje, kwa wavuvi wa Skandinavia, na oda za huko zikakifanya kiwanda kidogo kiwe kikubwa. Afya yake ilipodhoofika, mwaka 1914 waliuza hisa zao kwa mshirika wao Chris Meyer, na Ole akaahidi kutofanya biashara hiyo kwa miaka mitano.

Alirudi na mashine ya aluminiamu. Ilikuwa ya silinda mbili, farasi tatu, na uzito wa kilo 21 au 22. Alimpelekea Meyer kwanza, Meyer akaikataa. Basi Ole na Bess wakaanzisha kampuni mpya mwaka 1921, wakaiita ELTO. Nguvu mara mbili ya ile ya 1909, na kilo sita pungufu. Wakati huohuo ndugu wa ukoo wa Johnson huko Indiana, waliowahi kuunda ndege yao wenyewe, walileta mashine ya farasi mbili yenye uzito wa kilo 16 tu. Hapo ndipo mtu mmoja alipoweza kuitoa mashine nyumbani, kuiweka begani na kwenda nayo ziwani bila msaidizi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kilo 16 zile za Johnson ni tukio kubwa kuliko mashua ya Trouvé na aiskrimu ya Okauchee kwa pamoja.

Boti yenyewe ya mpira ilitokea upande mwingine kabisa. Kampuni ya Zodiac ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1896 na Maurice Mallet kwa ajili ya maputo ya kuruka angani. Mafundi wake walijua kushona na kugundisha kitambaa kisichovuja hewa, na mhandisi wao Pierre Debroutelle akauhamishia ujuzi huo majini katika miaka ya 1930. Maboya mawili marefu yaliungana mbele kwa umbo la herufi U, na nyuma, katikati yake, ukakaa ubao wa kufungia mashine. Mwaka 1952 daktari Alain Bombard alivuka Atlantiki kwa boti ya aina hiyo, kutoka Visiwa vya Kanari hadi Barbados, kwa siku 65 na bila mashine yoyote, na safari ile ikawaaminisha wengi kwamba mpira hauogopi bahari. Kufikia 1963 shirika la uokoaji baharini la Uingereza, RNLI, lilikuwa limeanza kutumia boti za mpira zenye mashine ya farasi 40.

Ubao ule wa nyuma unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio unaoamua mengi. Kwenye boti ndogo umegundishwa tu kwenye maboya. Hauna mbavu za mbao za kuushikilia. Mashine nzito inauvuta nyuma, omo inainuka, na upepo mkali ukiingia chini ya boti tupu unaipindua pamoja na mashine yake. Ndiyo maana watengenezaji hubandika kibao kinachotaja nguvu na uzito wa juu kabisa, na mnunuzi mwenye busara hukisoma kabla ya kusoma bei. Ubao huo pia ni mfupi, kwa hiyo boti nyingi za namna hii hutaka mashine yenye mguu mfupi, wa inchi 15. Mguu wa inchi 20 hushusha rafadha kina zaidi ya inavyotakiwa, ukaburuza maji na kugonga mwamba mapema.

Tukirudi kwenye mashine, Waingereza walikuwa na yao: Seagull, mashine iliyoanza kutengenezwa Wolverhampton mwaka 1931 na baadaye ikahamia Poole. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la majini liliagiza maelfu yake. Haikuwa na kifuniko. Kabureta, plagi na gurudumu la kuwashia vyote vilionekana. Mwendeshaji alizungusha kamba kwenye gurudumu kwa mkono, akavuta, na injini isipokubali akaizungusha upya. Rafadha yake ilikuwa pana na ya mwendo wa polepole, ikasukuma mashua nzito kwa uhakika. Iliyoanguka baharini ilifunguliwa, ikaoshwa kwa maji baridi, ikakaushwa na kurudishwa kazini. Lakini mashine za zamani zilitaka sehemu moja ya oili kwa kumi za petroli, na mafuta yaliyotanda juu ya maji yalionyesha ilikopita.

Ushindani uliohesabika ulitoka Japani. Tohatsu ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1956, Yamaha 1960, Suzuki 1965. Honda, ambayo Afrika Mashariki inaijua zaidi kwa pikipiki, iliingia mwaka 1964 na ikashikilia mipigo minne wakati karibu kila mtu alikuwa wa mipigo miwili, kwa sababu Soichiro Honda hakutaka mashine inayomwaga oili majini. Kwa miaka mingi msimamo huo ulionekana wa gharama bure, kwani mipigo minne ilileta valvu na sampu ya oili, na vyote hivyo ni kilo.

Sheria zikampa haki. Mashine za zamani za mipigo miwili zilitoa robo hivi ya petroli yake bila kuungua. Marekani ilitangaza kanuni za moshi wa mashine za boti mwaka 1996; katika Umoja wa Ulaya mashine mpya za kabureta za aina hiyo zikaondoka sokoni kuanzia 2007. Maji yamefaidika, na hilo halina ubishi. Migongo haikufaidika. Mashine za kilo 26 zikawa mali ya mtumba inayogombewa, na wenye yoti wakagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linataka kasi. Boti ya mita tatu yenye watu wawili ikipewa farasi 8 hadi 10 inainuka juu ya maji na kuteleza, na mwendo wa kilomita mbili hadi pwani unakuwa wa dakika chache. Gharama yake ni kilo 37 au zaidi, na mara nyingi winchi ya kuinulia. Kundi la pili limekubali mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa. Mashine ya farasi 2.3 ya Honda ina kilo 13 na ushei na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haina pampu ya maji ya kuzibwa na mchanga. Haina gia ya kurudi nyuma, mwendeshaji anaigeuza yote. Anayeshuka pwani peke yake, au mwenye umri mkubwa, atafanya vema kujiunga na kundi hili bila kuona haya.

Pwani ya Afrika Mashariki na Ziwa Viktoria vina hesabu nyingine. Huko mashine inayojulikana ni Yamaha Enduro ya mipigo miwili, ya farasi 15 au 40, inayosukuma mitumbwi ya mbao kwa kazi ya kila siku. Fundi anayeifungua yupo, na vipuri vipo. Msafiri wa yoti anayetia nanga katika hori la Kilifi akiwa na mashine ya aina nyingine anaweza kusubiri kipuri kwa muda mrefu, na jambo hilo linafaa kufikiriwa mapema, kabla ya kuvuka bahari.

Umeme nao umerudi. Torqeedo, iliyoanzishwa mwaka 2005 kando ya Ziwa Starnberg nchini Ujerumani, ambako vibali vya injini za petroli ni vichache, ilitoa mashine ambayo betri yake ya lithiamu inachomolewa. Mzigo wa kilo 14 au 15 unabebwa kwa safari mbili, mota kwanza, betri baadaye, na hakuna galoni ya petroli ya kunuka ndani ya yoti. Kikwazo ni umbali: ukifungulia mpaka mwisho, betri huisha kwa nusu saa hivi, na kwa mwendo wa taratibu hudumu saa kadhaa. Evinrude haipo tena kushindana nayo. Wamiliki wake waliacha kuitengeneza mwaka 2020. Torqeedo ilinunuliwa na Yamaha mwaka 2024.