Ukaidi katika Kiswahili cha Unguja: Kutoka Kiembe Samaki hadi Chwaka

Neno ukaidi huchukuliwa na wengi kuwa sawa na ubishi, ujeuri au uasi. Matumizi yake, hata hivyo, yanadhihirisha tofauti. Mbishi hushindana kwa maneno. Jeuri huonesha dharau. Muasi huyakana mamlaka yenyewe. Mkaidi huambiwa akasikia, akafahamu, kisha akashika lake. Aghalabu hajibu neno. Kwa umbo, neno hili linakaribiana na kayd la Kiarabu, lenye maana ya hila. Iwapo asili yake ni hiyo, basi maana imesafiri mbali, kwani hila hufichwa ilhali ukaidi huonekana mchana.

Sarufi nayo inafunza. Kitenzi kukaidi huchukua shamirisho: hukaidiwa amri, agizo au wazazi. Pasipo mwenye kuamuru hapana ukaidi. Kwa hiyo neno hili hulitazama tendo kwa jicho la aliyeamuru. Methali isemayo kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi imo upande huohuo: ni kauli ya mkubwa akimwonya mdogo.

Kwa mwanahistoria jambo hili ni zito. Mwaka 1951, wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao kuchanjwa. Serikali ya kikoloni iliwashitaki na baadhi yao wakahukumiwa kifungo. Umati ulipojaribu kuwakomboa, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Kwa jicho la mtawala, kukataa huko kulikuwa ukaidi mtupu. Wananchi walikuita Vita vya Ng'ombe. Neno vita lina pande mbili, na kila upande una hoja yake. Ukaidi huubakishia haki upande mmoja tu.

Chwaka, katika pwani ya mashariki, swali hilo bado li hai. Katika ghuba yake, wavuvi wa madema wamewahi kuvutana na wavuvi wa nyavu za kukokota, ambazo sheria inazipiga marufuku. Mwenye dema lililoburutwa humwona mwenzake kuwa mkaidi. Mwenye wavu huitaja njaa ya nyumbani.

Kamusi inayofasili ukaidi kuwa ni kutotii kwa makusudi haikukosea. Linabaki kwa msomaji swali moja la kuuliza kila anapokutana na neno hili katika maandishi ya kale: amri ilikuwa ya nani?