Woga wa Kujitakia
Kwa nini mtu ajitie woga kwa hiari? Tutazame historia ya michezo ya video ya kutisha nchini Japani. Katika Resident Evil ya kampuni ya Capcom (1996), mchezaji alikuwa askari wa kikosi maalumu. Mwaka 1999, Konami ilipotoa Silent Hill, akawa Harry Mason, baba wa kawaida tu anayemtafuta bintiye katika mji uliogubikwa na ukungu. Ukungu huo ulificha udhaifu wa mashine ya PlayStation, isiyoweza kuchora vitu vya mbali. Redio hukwaruza kabla zimwi halijaonekana. Sisi walimu wa fasihi simulizi tunaijua mbinu hii: zimwi la ngano hutisha zaidi likiwa bado mlangoni. Mchezaji yu peke yake, anaogopa, lakini harudi nyuma, kwani mtoto hajapatikana.